Habari za Mitaa Yetu Iliyozeeka, Iringa na Mbeya

Katika kitabu hiki cha Jubilei mtasoma mengi juu ya makanisa na shule, jinsi yalivyoanza na akina nani walioyajenga. Sisi tumepewa kazi ndogo kuliko hiyo, nayo ni kueleza habari za mitaa wanamokaa waumini wenyewe: nyumba zile za mabati yaliyoshika kutu, ambazo kila mmoja wetu huzipita aendapo ibadani wala hazitazami. Maana mtaa nao una ujana wake na uzee wake. Na katika miji yetu hii miwili twaona ya kuwa uzee umeingia mitaa mingine kwa pamoja, mlango kwa mlango, kana kwamba wenye nyumba wote walizaliwa siku moja. Wengi wametuuliza sababu yake. Twadhani tumeipata, nayo imo katika historia.

Tuanze na Iringa, kwa kuwa ndiyo kubwa kwa umri. Ngome ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga ilivunjwa na Wadachi, ndio Wajerumani, tarehe 30 Oktoba 1894. Mwaka 1896 wakaanza kujenga kituo chao kipya juu ya uwanda unaolitazama bonde la Ruaha Mdogo, na jina lake ni neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Mkwawa mwenyewe hakukubali kushikwa. Alijiua tarehe 19 Julai 1898, na fuvu lake halikurudi Kalenga hata mwaka 1954. Kando ya boma jipya wakakusanyika askari na jamaa zao, wapagazi, mafundi na wachuuzi, watu wa pwani, Waarabu na Wahindi. Mji ukakua kidogo kidogo, huyu akijenga leo na yule akijenga baada ya miaka kumi. Kwa hiyo ukipita Miyomboni, Mshindo au Makorongoni utaona nyumba za umri mbalimbali zimesimama bega kwa bega, kama ndugu wa tumbo moja, na karibu na mzee anayefiwa yupo kijana anayeoa. Mtaa wa namna hiyo hauzeeki upesi.

Hapo katikati ya mji upo mtaa uitwao Kitanzini. Wenyeji husimulia ya kuwa ndipo Wadachi walipowanyongea watu kwa kitanzi. Siku hizi hapo watu huuza nyanya na simu, wala hatuwalaumu, kwani watu sharti wale. Walakini tulipowauliza watoto wachache wa shule maana ya jina hilo walicheka tu, wakasema ni jina la mtaa. Mwalimu mwenye nusu saa ya nafasi angeweza kuwaambia.

Mbeya ni mtoto mbele ya Iringa. Hata baada ya Vita Kuu ya kwanza makao ya serikali ya upande ule yalikuwa Tukuyu, mahali Wadachi walipopaita Neu Langenburg. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 chini ya mlima Loleza, na dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ndiyo iliyoupa nguvu. Serikali ya Waingereza ikaugawanya mji kama ilivyokuwa desturi yake kila mahali: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Majina Uzunguni na Uhindini yangalipo hata leo, ijapokuwa wakaaji wamekwisha badilika. Na Mwafrika alihesabiwa mjini kuwa mpita njia. Ilidhaniwa ya kuwa kazi ikimwisha atarudi kwao Rungwe, au Ukinga, au Unyiha, akalime. Basi ya nini kumpimia kiwanja kizuri? Mwenyewe naye alidhani hivyo hivyo. Alijenga mjini nyumba ya udongo, na akiba yake akaipeleka nyumbani kununua ng'ombe.

Ndipo uhuru ulipokuja, na baadaye njia. Tukitaka kueleza kukua kwa Mbeya, twaweza kusema neno hilo moja tu, njia. Bomba la mafuta kwenda Zambia lilimalizika mwaka 1968. Barabara kuu ya Zambia ikatengenezwa na kutiwa lami katika miaka ile ile na iliyofuata. Na reli ya Uhuru, ndiyo TAZARA, yenye kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ikaanza kujengwa mwaka 1970 na kufunguliwa mwaka 1976. Vijana wakashuka kutoka milimani kwa mamia kutafuta kazi ya sururu, ya udereva, ya ukarani, ya upishi katika kambi. Walihitaji mahali pa kulala. Wakajenga Mwanjelwa pasipo kumngoja mpima ardhi, nyumba juu ya nyumba, hata njia ya kupitisha jeneza ikawa shida.

Serikali ikaona haifai kubomoa. Mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulianza mradi wa viwanja na huduma katika miji mitatu, Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Kazi yake ilikuwa ya namna mbili. Palipokuwa patupu, ardhi ilipimwa, barabara zikachongwa, maji yakaletwa, kisha kila mtu akapewa kiwanja ajenge mwenyewe. Na palipokuwa pamekwisha jengwa ovyo, kama vile Mwanjelwa, nyumba ziliachwa, zikaongezewa barabara na maji. Mwaka 1977 mradi ukaendelea katika miji mingine, na Iringa ikawa mmojawapo. Benki ya Nyumba ya Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973, ilikopesha fedha za saruji na mabati. Wazee wetu wengi waliolipa mkopo ule hulitaja jina la benki hiyo hata leo kama mtu atajavyo jina la mjomba mkali aliyemlea; yenyewe ilifungwa mwaka 1995.

Sasa wasomaji na wafanye hesabu pamoja nasi, maana ndiyo jibu la swali letu. Aliyepewa kiwanja mwaka 1976 alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja au wawili, tuseme mwenye miaka 30. Jirani yake wa kulia alikuwa kijana kama yeye, na wa kushoto vivyo hivyo, kwa kuwa mzee hakuomba kiwanja mjini wala mtoto hakupewa. Wote wakajenga pamoja. Wake zao wakazaa pamoja, hata shule za msingi zikafurika, watoto wakasoma kwa zamu, hawa asubuhi na hawa mchana. Watoto wale wakaondoka pamoja. Na mwaka 2026 wale waliojenga, walio hai, wana miaka 80. Mtaa uliogawiwa kwa msimu mmoja huzeeka kwa msimu mmoja, kama shamba la mahindi lililopandwa siku moja.

Wala si kwetu tu. Mji wa Stevenage katika Uingereza, uliotangazwa mwaka 1946 kuwa wa kwanza wa miji mipya baada ya vita, ulijazwa jamaa za vijana waliotoka London, nao wakazeeka pamoja. Na huko Levittown, karibu na New York, nyumba zilizoanza kujengwa mwaka 1947 kwa ajili ya askari waliorudi vitani zilipatwa na neno lilo hilo. Tofauti ni kwamba wenzetu wale walikuwa na kiinua mgongo kila mwezi, na sisi wengi wetu tuna vyumba vya kupangisha.

Yapo mambo mengine mawili ya namna hii tusiyoweza kuyapita. La kwanza ni la Uhindini. Mwezi wa Aprili mwaka 1971 serikali ilitunga sheria ya kuchukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya kupita shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na tangu mwaka 1990 chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Wahindi wengi waliokuwa wamezaliwa hapa hapa, na baba zao hapa hapa, wakafunga maduka wakaenda Dar es Salaam, Uingereza au Kanada. Hivyo mitaa ya Wahindi katika miji ya nchi hii ilipoteza wazee na vijana kwa mara moja, si kwa miaka hamsini. La pili ni la Uzunguni na Gangilonga, palipokaa maofisa. Huko hapakuwa na wazee kabisa, maana ofisa alihamishwa kabla mwembe wake haujazaa. Lakini toka mwaka 2002 serikali iliwauzia watumishi wake nyumba nyingi za namna hiyo katika nchi nzima, na aliyenunua hakuhama tena. Kwa hiyo mitaa iliyokuwa ya wapita njia imekuwa ya wastaafu, na ile iliyokuwa ya wenyeji imejaa wapita njia. Hatukutazamia kuliandika neno hilo tulipoanza.

Turudi kwa wajenzi wa Mwanjelwa na wenzao wa Iringa. Watoto wao walikwenda wapi? Wengine waliajiriwa Dar es Salaam, wengine wamo Tunduma katika biashara ya mpakani, wengine walijenga pembeni, Uyole au Mkimbizi, penye nafasi ya kuweka gari. Hayo ni ya kawaida. Lakini wako wengi ambao hawakwenda popote, nao wamelala makaburini. Tusifiche jambo hili katika kitabu cha Jubilei, kwa kuwa makanisa yetu ndiyo yaliyozika. Mwaka 2003 na 2004 taifa lilipopima damu za watu wa miaka 15 hata 49, Mbeya ilionekana kuwa na virusi vya UKIMWI kwa watu 13.5 katika kila mia, nayo ikaongoza mikoa yote. Na katika upimaji wa mwaka 2007 na 2008 Iringa, iliyokuwa bado pamoja na Njombe, ilipita kumi na tano katika mia. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa na serikali mwaka 2004. Kabla ya hapo zilikuwako Jumamosi ambazo kengele ya msiba ililia asubuhi ikalia tena mchana. Njia ya lori iliyotupa riziki ndiyo iliyoleta na hilo.

Hivyo katika nyumba nyingi kizazi cha katikati hakipo. Yupo bibi, na wapo wajukuu. Aliyepaswa kusimama kati yao ni picha ukutani. Bibi alilea mara mbili. Wajukuu hawa hawajui vema Kinyakyusa wala Kihehe, hujibu kwa Kiswahili waulizwapo kwa lugha ya nyumbani, na kijiji cha babu wamekiona mara mbili tatu, wakati wa kuzika. Tena hata kuzika kumebadilika. Zamani maiti ya mzee ilipelekwa kwao kwa gari la kukodi, hata jamaa wakaingia madeni. Siku hizi wengi huzikwa mjini, na sisi twaona ya kuwa siku mtu alipokubali kuzikwa mjini ndipo alipoacha kuwa mpita njia, haidhuru walioandika sheria za mji walimwita nini.

Ndipo hapo penye hatari, nasi twaiandika kwa sababu tumeiona. Mwaka jana tuliingia katika nyumba moja ya Mwanjelwa kumwamkia mama mmoja mzee, mjane wa mfanyakazi wa reli. Kwa heshima hatumtaji jina. Nyumba ile ina vyumba sita, ukumbi katikati na uwanja nyuma, jiko na choo upande wa uani. Mbele vimetolewa vyumba viwili vya duka, vile watu wa siku hizi wanavyoviita fremu, kwa kuwa tangu soko la Mwanjelwa lilipoungua mwezi wa Desemba mwaka 2006 biashara ilimwagika mpaka barazani kwa watu. Kodi ya fremu hizo ndiyo inayosomesha wajukuu wake wawili, watoto wa mwanawe wa kwanza aliyefariki. Wanawe wawili waliobaki hawakai Mbeya. Wametuma neno ya kuwa nyumba iuzwe na fedha igawiwe.

"Wanangu," akatuambia, "mimi sikatai wao ni watoto. Lakini waniambie hawa wawili nitawaweka mfuko gani."

Barua ya kiwanja imo sandukuni, imekunjwa mara nne, nayo ina jina la marehemu peke yake. Hakuandika wosia. Wengi wa wazee wale hawakuandika, kwa kuwa kuandika wosia ni kama kujiitia kifo. Na kwa kuwa walidhani ukoo utaamua. Ukoo ulipokutana, mmoja wa wajomba alisema ya kuwa kwa mila mjane hana fungu. Ni kweli ya kuwa maandishi ya sheria za kimila yaliyotangazwa na serikali mwaka 1963 yalimweka mjane chini ya watoto na ndugu. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema ya kuwa nyumba wanamokaa mume na mke haiuzwi na mmoja pasipo ridhaa ya mwenziwe, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume katika ardhi. Wajomba wengi wanaijua ile ya kwanza na hawazijui hizi mbili. Na wajukuu ambao baba yao alifariki kabla ya babu hubaki pembeni kabisa, maana kikaoni hawana wa kuwasemea. Kwa maoni yetu kosa si la wajomba peke yao. Sisi tulio makanisani tulikuwa na kila nafasi ya kuwaambia wazee waandike, tukasema nao habari za mbinguni, tukanyamaza habari za kiwanja.

Tuseme na neno juu ya viwanja vyenyewe. Wataalamu wa uchumi waliochunguza miji saba ya mradi ule, nao wakatoa maandishi yao mwaka 2021, waliona jambo la kushangaza. Mahali palipopimwa kwanza na kujengwa baadaye, nyumba zake leo ni kubwa na bora. Lakini mahali palipokwisha jengwa ovyo, pakaongezewa barabara na maji, leo hapapiti sana mahali ambapo hapakufanywa kitu. Wao wametaja sababu zao. Sisi, kwa kuona kwetu, twaongeza moja: kiwanja chenye mpaka unaojulikana chaweza kupita kutoka kwa mfu hata kwa aliye hai pasipo magomvi, au kwa magomvi machache, nacho kisicho na mpaka hugombewa, na nyumba inayogombewa hakuna anayeipaka chokaa.

Katika Iringa nyumba za wazee zimepata wakaaji wa namna nyingine. Chuo cha Walutheri kilichokuja kuitwa Chuo Kikuu cha Iringa kilianza Kihesa katika miaka ya 1990. Mwaka 2005 Chuo cha Mkwawa kikafanywa tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika majengo yaliyofunguliwa mwaka 1959 kuwa shule ya watoto wa Kizungu. Na mwaka huo huo kikaja chuo cha Wakatoliki, Ruaha. Wanafunzi hutafuta vyumba. Bibi aliyebaki peke yake huwapangisha wanne, huwakataza kelele, huwapikia uji wakiugua, nao wakimaliza miaka mitatu huenda zao na kuja wengine. Humwita bibi. Wengine twawaona ibadani wameketi karibu naye, na asiyejua hudhani ni wajukuu wake. Shida ni ndogo ndogo: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa katika umeme unaponunuliwa, na kila mwezi yapo mashauri mafupi ukumbini ni nani ailipe, mwenye nyumba au aliyenunua umeme. Hatuwezi kuyaamua hapa.

Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 541,603 katika Jiji la Mbeya na 202,490 katika Manispaa ya Iringa. Miaka kumi nyuma walikuwa 385,279 na 151,345. Basi miji haifi, inakua sana. Lakini inakua pembeni, na katikati yabaki mitaa ambayo wazee wake ndio pekee wanaojua kisima kilikuwa wapi, mpaka ulipita wapi, na nani alimpa nani ruhusa ya kupitisha mtaro. Vitabu vya ubatizo vya miaka ya 1970 vinayo majina ya wazazi walioanza mitaa hiyo, na walimu wakiruhusiwa kuvifungua pamoja na wanafunzi wakubwa watapata humo historia ambayo hakuna mahali pengine ilipoandikwa.

Mama yule wa Mwanjelwa alikwenda mahakama ya mwanzo, akifuatana na mzee mmoja wa kanisa na mjukuu wake mkubwa aliye kidato cha tatu, akaomba awekwe msimamizi wa mirathi. Siku tulipomwendea mara ya pili shauri lilikuwa limeahirishwa, na karani alikuwa amemwambia alete alama za mpaka wa kiwanja. Hakuzijua. Mumewe alimwonyesha zamani, lakini tangu hapo jirani alijenga ukuta na yeye mwenyewe akamwaga majivu ya jikoni miaka arobaini upande ule wa migomba. Basi tukavua makoti, mjukuu akaleta jembe. Bikoni ya kwanza ilionekana kabla ya adhuhuri chini ya majivu, imeinama lakini nzima, na namba zake zasomeka. Kijana akazinakili katika daftari lake la hesabu. Ya pili imo chini ya ukuta wa jirani, na jirani amesafiri; twamngoja arudi.